Mkebe wa Maziwa Uliojaa Sude

Wewe unayekuja kuniuliza namna ya kupika sabuni huku umebeba mtoto mgongoni, rudi kwanza nyumbani. Sitanii. Mwache mtoto kwa mama yako, au kwa dada yako, kwa mtu yeyote mwenye macho, kisha urudi peke yako tuzungumze. Nimepika sabuni hapa Kindu tangu kabla mama yako hajaota meno, na mpaka leo nikiona mtoto anatambaa karibu na ndoo ya sude, damu inanichemka. Najua munaniita Koko Mukali, nyanya mkali. Sawa, mimi ni mkali, na nitawaambia sababu.

Juzi binti mmoja wa mtaa wetu alinionyesha kwenye simu yake vitu vya watoto anavyotaka kuagiza: viatu vinavyolia mtoto akitembea, kitanda cha wavu, chupa ya maziwa yenye mikono miwili. Vitu vizuri, sikatai. Nikamwuliza, "Na petroli ya taa munaweka wapi?" Akanionyesha chupa ya juisi chini ya meza, kifuniko kimelegea, na mtoto wake ameketi pale pale anaisukuma kwa mguu. Nilimtukana. Mama yake alikuja kulalamika, na yeye pia nilimtukana.

Munanunua viatu vinavyolia. Haya. Na mtoto akinywa petroli, viatu vitawaambia nini?

Sude, kwa asiyeijua, ni ile dawa nyeupe inayogeuza mawese kuwa sabuni. Ikiwa kavu inafanana na sukari, au na maziwa ya unga yaliyoshika unyevu. Ukiitia katika maji, maji yanapata moto bila kuni. Ikikugusa mkono unasikia utelezi kwanza, na mjinga anafurahi, anadhani ni sabuni. Si sabuni. Ni ngozi yake mwenyewe inayeyuka.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Papa Feruzi, mzee aliyekuwa ametumika katika kiwanda cha mafuta wakati wa Wabelgiji. Mtu wa maneno machache na matusi mengi. Siku ya kwanza aliniambia, "Sude njo inaingia mu maji. Maji haiingie mu sude. Ukigeuza, itakurukia mu macho, na miye siko na macho ingine ya kukupa." Alipima sabuni kwa ncha ya ulimi. Ikiuma, sude imezidi, ongeza mafuta upike tena. Ikiteleza ulimini na kuacha ladha ya mawese, mafuta yamezidi. Nilijaribu hivyo mpaka ulimi wangu ukawa haujui tena chumvi ya mboga, na mume wangu akaanza kula kwa ndugu zake.

Aliniambia pia nisipikie katika sufuria ya aluminiamu. Sikusikia. Nilikuwa mwali mpya katika nyumba ya mume, nataka kuonyesha kwamba najua kazi, nikachukua sufuria kubwa ya mama mkwe, ile aliyoletewa na kaka yake kutoka Kalima. Nikamimina sude. Sufuria ikaanza kutoa povu na kunguruma, na kabla sijajua la kufanya, tako lake lilikuwa limetoboka na mafuta yote yako chini. Mama mkwe hakunipigia kelele. Alichukua fimbo, akaitundika ile sufuria juu yake, akapita nayo nyumba kwa nyumba. "Oneni," alisema, "mukwe wangu amenipikia." Mwaka mzima watu waliniita Mama Sufuria. Sasa nacheka, lakini wakati ule nililia.

Hayo yalikuwa makosa ya sufuria. Sufuria inanunuliwa nyingine.

Miaka ile ya Zaïre, maduka ya wageni yalipokwisha kugawiwa wakubwa, rafu zilibaki na vumbi. Sabuni ilipotea, maziwa yalipotea, sukari ilipotea. Tuliitwa sitwayeni, yaani raia, mwanaume na mwanamke, tukapangwa uwanjani kuimba na kucheza kila kiongozi aliposhuka, na vitenge tulivyochezea vilifuliwa kwa sabuni yangu mimi. Wake za askari walikuja kwangu, masista walikuja, walimu walikuja. Sude ilifika kwa treni katika pipa, nikawa ninaipasua kwa nyundo, nyingine ninapikia, nyingine ninawauzia akina mama waliotaka kujipikia nyumbani.

Ninyi munajua unyevu wa Kindu. Mto uko hapo, mvua iko hapo. Sude ukiiacha wazi siku moja inaanza kutoka maji, siku ya pili umebaki na uji. Inahitaji chombo kinachofunga. Na katika mji mzima hakuna chombo kilichofunga kama mkebe wa maziwa ya unga. Kifuniko chake cha bati unakisukuma kwa kiganja kinaingia, na huwezi kukifungua bila ncha ya kijiko. Maziwa yenyewe yalikuwa yameadimika, lakini mikebe haikutupwa. Tulipimia mchele, tuliwekea chumvi, tuliwekea vifungo vya nguo. Wauza sude wote tuliwekea sude. Na mimi njo nilikuwa na mikebe mizuri kuliko wote, haina kutu, ubavuni kuna picha ya mtoto mnene anacheka. Nilijivuna nayo. Hata Papa Feruzi, aliyekuwa akiona kosa katika kila kitu, hakuona kosa pale.

Jirani yangu alikuwa Mama Anifa. Mume wake, Saidi, alikuwa mfanyakazi wa reli, mara nyingi yuko safarini. Walikuwa na binti mmoja, Anifa, wa miaka mitatu. Walikaa na mama yake Saidi, tukimwita Koko Tausi, na yeye njo aliyemlea huyo mtoto kutwa, kwa sababu Mama Anifa alikuwa akivuka mto kwa mtumbwi kwenda shamba upande wa pili.

Mama Anifa alinunua sude kwangu, mkebe mmoja. Akaipeleka nyumbani, akaiweka juu ya rafu karibu na chumvi. Kesho yake asubuhi akaenda shamba. Hakumwambia mama mkwe kitu, kwa nini amwambie? Koko Tausi alinyanyua macho, akaona mkebe mpya wenye picha ya mtoto anayecheka. Mwanawe alikuwa ametoka safari juzi juzi na kuondoka tena. Mara nyingine alikuwa akirudi na kitu, samaki wa Kalemie, sukari. Akadhani safari hii amewaletea maziwa.

Munajua watoto wanavyopenda maziwa ya unga makavu. Hawataki maji, wanataka kulamba. Koko alimlambisha kijiko.

Aliyenikimbilia na mtoto mikononi ni yeye mwenyewe, kwa sababu mlango wangu njo ulikuwa wa karibu. Kazini kwangu hapakuwa na mwingine saa ile, wanawake wangu walikuwa wameteremka mtoni kuchota maji. Nilisikia sauti ya Anifa kabla sijamwona. Midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe na mate yanamtiririka.

"Amelamba nini?"

"Maziwa," alisema Koko Tausi. "Maziwa ya Saidi, ya mu mukebe."

Nikajua.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana njo hiki kinachonitia hasira mpaka leo kuliko hata mkebe. Kwetu mtoto akimeza kitu kibaya, petroli, dawa ya panya, majani, chochote, watu wanajua jambo moja tu: mimina mawese, ingiza kidole kooni, atapike. Bibi yangu alifanya hivyo, mama yangu alifanya hivyo. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba sude ikikugusa unaosha kwa maji mengi, basi. Nilikuwa nimeosha mikono ya watu mia. Lakini pale, mtoto analia namna ile, yote yakanitoka kichwani. Nilichukua kikombe cha mawese, nikamnywesha kwa nguvu, nikaingiza kidole. Alining'ata. Sikutoa kidole. Koko Tausi alikuwa akinishika mkono, anasema, "Mama Mwavita, acha, acha, unamuumiza." Nikamsukuma. Mtoto akatapika, na matapishi yalikuwa na damu.

Tulimpeleka lopitali mbio. Muganga aliyetupokea alikuwa mwanaume mtu mzima, mpole. Alimwangalia mtoto mdomoni kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Ni nani alimutapisha?"

Tulikuwa tumekwisha kuwa watu wengi pale, majirani walikuwa wametufuata. Muganga akaeleza: sude imeshuka imechoma, mkaipandisha tena ikachoma mara ya pili. Angesafishwa mdomo na maji, akapewa maji kidogo kidogo kama anameza, akaletwa upesi, koo lingepona vizuri. Sasa hajui. Akauliza tena, ni nani. Nilitazama miguu yangu. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Si ni koko yake alimulambisha," na wote wakageuka kwa Koko Tausi. Muganga akaandika. Mimi nilikuwa nimekwisha kufunga kidole changu kwa kipande cha kitenge.

Anifa alilala lopitali majuma mengi. Saidi aliporudi kutoka safari, familia ikaketi. Shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, alikuja pia, na nembo ya chama kifuani, maana siku zile hakuna jambo lililokwisha bila yeye. Koko Tausi aliulizwa akajibu yote, hakuficha. Alisema, "Miye njo nilimulambisha, nilizani ni maziwa. Lakini kumutapisha, ni Mama Mwavita."

Shefu akacheka. Kila Jumamosi ya salongo, kartie nzima ikitoka kukata majani na kufagia barabara, mimi nilikuwa natoa sabuni ya bure watu wanawe mikono, na kipande kikubwa kilikwenda nyumbani kwake. Akasema, "Sitwayeni huyu anajua sude kupita sisi wote. Yeye njo atafanya kosa ya namna ile?" Kisha akaniuliza mimi.

Nikasema, "Nilimkuta mtoto amekwisha kutapika."

Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mimi, mbele ya watu, mchana kweupe. Koko Tausi alinitazama tu. Hakunitukana. Shangazi ya Mama Anifa akaanza kuhesabu: katika nyumba hii watoto wawili walikwisha kufa kabla ya Anifa, na wote wawili walilelewa na nani? Mwanamke mzee wa kuona sude tangu zamani, leo hajui sude? Neno la ulozi halikuchelewa. Kesho yake Saidi alimwambia mama yake aende kwa kaka yake kule kijiji cha Kailo, apumzike. Wote tulijua maana ya kupumzika. Alikwenda kwa miguu na furushi lake kichwani, nami nilikuwa mlangoni kwangu nakata sabuni.

Munaniuliza niliwezaje? Niliweza vizuri sana. Nilipika, niliuza, nilikula. Nilijiambia kwamba kweli yeye njo alimlambisha. Nilijiambia nikisema, nani atanunua kwangu tena. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kusema.

Aliyenivua nguo ni Papa Feruzi. Alikuwa amezeeka, hapiki tena, lakini alikuwa akipita kwangu kuonja sabuni na kuitukana. Siku hiyo akaona kidole changu bado kimefungwa. Wateja nilikuwa nawaambia nimerukiwa na mafuta ya moto. Na yeye nilimwambia hivyo hivyo. Akasema, "Fungua."

Nilikataa. Akafungua yeye.

Mtu aliyepika maisha yake yote anajua vidonda. Mafuta ya moto yanainua malengelenge, yanapasuka, ngozi mpya inakuja. Sude haiinui kitu. Inachimba, inaacha shimo la rangi ya majivu, na haliponi upesi. Yeye alijua hivyo, na mimi nilijua kwamba anajua. Alikigeuza kidole kwenye mwanga, akatazama juu, akatazama chini.

"Haiko mafuta hii," alisema. "Hii ni sude. Na hii hapa ni meno. Meno ya mutoto."

Nilivuta mkono, hakuuachia.

"Ule muzee iko Kailo juu ya nini?"

Nilianza kulia. Akasema nisimlilie yeye, yeye si mama yake Saidi. Alisema, "Miye nilikufundisha kazi. Uongo ulifundishwa na nani?" Kisha akachukua kofia yake. Akaniambia nichague, nitasema mimi au atasema yeye.

Nilingoja Jumamosi. Nilitaka wote wasikie kama wote walivyosikia uongo. Salongo ilipokwisha, watu wakiwa barabarani na majembe yao, wanangoja sabuni yangu, nilikwenda mbele ya nyumba ya Saidi nikasema kwa sauti. Nikasema mkebe ni wangu. Nikasema kidole ni changu. Nikasema Koko Tausi alinizuia nikamsukuma, kisha nikamsingizia. Nilifungua kitambaa nikaonyesha kidole. Shefu alisema ile dosie, ile kesi, ilikwisha kufungwa, tusifanye fujo. Hakuna aliyemgeukia.

Saidi alikuja karibu akakitazama kidole. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Alisema tu, "Mama alisema hivi hivi." Akaingia ndani, akatoa baiskeli, akaondoka kwenda Kailo.

Sasa mikebe. Nilichukua yote, nikaisugua kwa mchanga na maji mpaka picha za watoto zikatoka, nikaipaka lami nje yote, ikawa myeusi ya kutisha, nikazungushia waya unaohitaji mkono wa mtu mzima kuukunjua. Kila mama niliyemuuzia nilimwambia: itundike kwenye boriti, waambie wote wa nyumba, na waliokuja kulala siku moja pia waambie. Walinicheka. Wengine walikwenda kununua kwa wenzangu waliotia sude katika chupa za pombe na mikebe ya picha, kwa sababu mikebe yangu ilichafua vidole. Waende. Nilishindwa kuwazuia, na mpaka leo nikipita sokoni nawaona wajukuu wao wanafanya vile vile, na nawaambia, na wanacheka.

Kwa hiyo shikeni hili hata kama mutasahau yote mengine. Chombo kilichowahi kuwekwa chakula, au chenye picha ya chakula, kisiwekwe sumu ndani hata kwa saa moja. Mtoto hasomi, na nyanya yake pengine hasomi, lakini wote wanaona picha. Na mtoto akimeza sude au petroli, acha mawese, acha kidole. Msafishe mdomo, mpe maji kidogo kidogo kama ni sude na anaweza kumeza, mbebe umkimbize kwa muganga, na chombo chenyewe uende nacho. Na ukiulizwa ni nani alifanya nini, jibu.

Anifa alipona, lakini koo lilibaki jembamba. Mama yake alimpondea chakula miaka mingi. Mpaka anaolewa, watu wakila pamoja yeye njo alikuwa wa mwisho kumaliza sahani.

Koko Tausi alirudi juu ya baiskeli ya mwanawe. Watu walimpokea, waliomba msamaha, hata yule shangazi. Mimi nilikwenda nikapiga magoti, akaniambia niinuke, vumbi litachafua kitenge. Tukaendelea kuwa majirani. Nilidhani imekwisha.

Binti yangu Mwavita akazaa mtoto wake wa kwanza. Mtoto alipofika umri wa kuonja uji, kwetu anaitwa mwanamke mzee amtie ule wa kwanza mdomoni kwa kidole chake. Nilikuwa na dada zangu, nilikuwa na mama mkwe. Nikambeba mjukuu wangu na kibakuli cha uji mpaka kwa Koko Tausi, nikaweka mbele yake, nikamwambia nataka yeye.

Aliangalia mtoto. Alimchekea. Lakini mikono aliiweka chini ya kitenge, akaiacha huko.

"Ulisema mbele ya watu wote kama haikukuwa miye," alisema. "Miye nilisikia, mama. Mikono njo haijasikia."

Nikasubiri kidogo, labda atabadilika. Uji ulikuwa unapoa. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikachukua kibakuli changu, nikarudi nyumbani.